Sahihi ya Pili: Kuihakiki Katiba ya Mwami ya Mwaka 1962

Babu yangu mzaa mama anaishi Kabonga, hatua chache kutoka ziwani, na kazi yake sasa ni kushona nyavu za wenzake kwa sababu magoti hayamruhusu tena kuingia majini. Ana miaka themanini na ushei. Husema kwamba alipiga kura kwa moyo wote mara mbili tu: Septemba 1961 na Mei 1965. Ukimuuliza kura ya pili ilizaa nini, hujibu bila kuinua macho kwenye wavu: "Sisi tulichagua, halafu Mwami akachagua."

Nilipotakiwa kuandika uhakiki wa matini isiyo ya fasihi, wenzangu wengi walichukua matangazo ya biashara, mahubiri, na hotuba za siku ya uhuru. Mimi nilichukua Katiba ya Ufalme wa Burundi ya tarehe 16 Oktoba 1962. Sisomi sheria, nasoma lugha. Lakini sentensi ya babu ilinikaa kichwani. Katiba ile ilimwekea Mwami mipaka, tena kwa maandishi. Iweje basi mpiga kura wa Kabonga abaki na kumbukumbu kwamba juu ya kura yake kulikuwa na kura nyingine ya mtu mmoja?

Majibu mawili husikika sana katika mijadala yetu. La kwanza husema Mwambutsa wa Nne aliikanyaga Katiba. La pili husema wanasiasa wa wakati ule walikuwa watu wa tumbo, leo kundi hili, kesho kundi lile, na Mwami alilazimika kuwaamua kama watoto wanaogombana. Naona yote mawili yanaisoma Katiba haraka mno. La kwanza linadhani mpaka uliokuwamo katika maandishi ulitosha, ukavunjwa. La pili linadhani kuhamahama kwa wabunge lilikuwa jambo la tabia tu, lisilohusiana na kile kilichoandikwa. Ninavyoona mimi, maandishi na kuhamahama vilikuwa kitu kimoja chenye pande mbili. Mpaka wa Mwami haukuandikwa mahali pengine popote isipokuwa katika uthabiti wa wabunge, na uthabiti huo haukuwepo.

Tuanze na maandishi yenyewe. Katiba yetu ya 1962 ilifuata nyayo za Katiba ya Ubelgiji ya mwaka 1831. Humo kuna kanuni tatu zinazokwenda pamoja. Moja inasema nafsi ya mfalme haiguswi, na wanaowajibika ni mawaziri. Nyingine inasema hakuna tendo la mfalme lenye nguvu mpaka waziri atie sahihi yake pia, na kwa kutia sahihi hiyo anakuwa amelibeba tendo hilo yeye. Ya tatu inasema mfalme ndiye anayewateua na kuwaachisha kazi mawaziri wake.

Tazama sarufi. Kanuni ya mipaka imeandikwa kwa ukanushi: hakuna, mpaka. Kanuni ya uteuzi imeandikwa kwa uyakinishi, na mtenda ni mmoja. Kisha kuna kile kimilikishi kidogo mwishoni, *wake*. Kule Ubelgiji neno hilo lilichakaa kwa matumizi. Vyama vilipokomaa, mfalme alizoea kumwita yule ambaye wabunge wangemkubali, na *wake* ikabaki adabu ya maandishi. Hapa kwetu neno halikuwa na miaka mia na thelathini ya kuchakaa. Lilifika likiwa jipya, katika nchi ambayo Mwami alikuwa amekaa kwenye kiti tangu 1915, akiwa bado mtoto mdogo. Nani angemwambia mtu wa namna hiyo kwamba *wake* maana yake si wake?

Sahihi ya pili ni kama kufuli la funguo mbili. Kufuli la namna hiyo linalinda nyumba ikiwa funguo ziko katika mifuko ya watu wawili. Sasa uliza: ufunguo wa pili humpa waziri nani? Mwami. Anaweza kuunyang'anya? Anaweza, Katiba inasema hivyo. Ni kitu gani kinachomzuia asiunyang'anye kila asubuhi? Kuna kitu kimoja tu, nacho hakimo katika kifungu cha sahihi. Ni Bunge linaloweza kusema: huyu ndiye tunayemwamini, ukimwondoa hatutamkubali mwingine. Waziri mkuu mwenye wabunge nyuma yake ana ufunguo wake mwenyewe, na asiye nao ameazimwa ufunguo na mwenye nyumba.

Kwa hiyo mhakiki wa Katiba ile hawezi kuishia kwenye vifungu. Lazima ahesabu viti.

Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Ukiisoma hesabu hiyo kwenye ubao, hakuna Bunge imara kuliko hilo. Mfalme yeyote angefungwa mikono na wingi kama huo. Lakini wingi ule ulishikwa na mtu mmoja, mwana wa Mwami, Louis Rwagasore, naye aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961 kando ya ziwa hili hili, Usumbura, wiki chache tu baada ya kuwa waziri mkuu. Aliyemfuata, André Muhirwa, alikuwa mkwe wa Mwami. Kabla Katiba haijatangazwa, chama kilikuwa kimeshapasuka. Muhirwa na Paul Mirerekano waligombea urithi wa Rwagasore, na wabunge wakajipanga katika kambi mbili zilizoazima majina ya makundi ya Afrika ya wakati ule, Casablanca na Monrovia. Casablanca ilikuwa na Watutsi wengi, Monrovia Wahutu wengi. Tukiishia hapo, hata hivyo, tutawadhulumu waliohusika, kwa sababu mwanzoni ugomvi ulikuwa pia wa uongozi wa chama, wa urafiki na mataifa ya nje, na wa nani alikuwa karibu na marehemu.

Mhadhiri mmoja aliponisikia nikieleza haya alinipinga, na pingamizi lake ni zito kuliko yote niliyosikia. Alisema: hao hawakuhama chama. Walikuwa UPRONA asubuhi, wakalala UPRONA. Unawezaje kuwaita wahamaji?

Nimelifikiria kwa muda mrefu. Nadhani kuhama bila kubadili jina ndiko kuhama kubaya zaidi, kwa sababu hakuhesabiki. Mbunge akitoka chama A kwenda chama B, gazeti litaandika, mpiga kura atajua, na waziri mkuu ataamka na idadi mpya mkononi. Mbunge akibaki chini ya bendera ileile huku moyo na kura yake vimehamia kambi nyingine, hakuna anayejua nani ana wingi. Viti 58 vilibaki 58 kwenye karatasi. Lakini je, waziri mkuu angeweza kusimama mbele ya Mwami na kusema "ninao 33"? Mwenye kujua hesabu alikuwa yule ambaye kambi zote mbili zilimwendea.

Hapo ndipo Kirundi kinanisaidia kuliko Kifaransa cha Katiba. Mwami alikuwa akisalimiwa *Ganza, sabwa!* Sehemu ya kwanza ni kutawala. Ya pili ni kitenzi cha kuomba kikiwa katika kauli ya kutendwa: uombwe. Tawala, uombwe. Salamu hiyo inaeleza ufalme kwa usahihi ambao vifungu havina. Mwami ni yule anayeombwa, na nguvu zake hukua kadiri waombaji wanavyozidi. Zamani kulikuwa na mambo yaliyompunguzia waombaji. Kulikuwa na Baganwa waliotawala majimbo na kujiona wana haki zao, kulikuwa na washika siri za matambiko, na kulikuwa na Bashingantahe walioamua kesi vilimani bila kupeleka kila ugomvi ikulu. Katiba ya 1962 iliwaweka wabunge mahali pa watu hao. Wabunge walipogawanyika bila kuhesabika, waligeuka waombaji. Kambi hii ilikwenda kumwomba Mwami amwondoe waziri mkuu wa kambi ile, na kesho yake kambi ile ikarudi na ombi lake.

Matokeo yanaonekana katika orodha ya majina. Muhirwa alianguka Juni 1963, akaja Pierre Ngendandumwe. Aprili 1964 akaja Albin Nyamoya. Januari 1965 Ngendandumwe akarudishwa, na tarehe 15 mwezi uleule akapigwa risasi akafa. Akaja Joseph Bamina. Septemba ya mwaka huohuo akaja Léopold Biha. Serikali sita katika miaka mitatu na kidogo tangu uhuru, na kila mara ufunguo wa pili uliondoka mfuko mmoja ukaingia mwingine kwa mkono wa mtu yuleyule. Wapo wanaomsifu Mwambutsa kwamba alikuwa akipima mizani, leo Mhutu, kesho Mtutsi, ili nchi isipasuke. Siwabezi, huenda alikusudia hivyo. Lakini mizani inayoshikwa na mtu mmoja haiitwi mpaka wa madaraka yake, hata kama ameishika vizuri.

Sasa nivuke hadi Uganda, kwa sababu huko jambo hilohilo la wabunge kuhama lilizaa kinyume chake kabisa, na bila kulinganisha tutadhani kuhama daima humnufaisha mfalme.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, wiki moja kabla ya Katiba yetu kutangazwa. Chama cha UPC cha Milton Obote hakikuwa na wingi peke yake, kikaungana na Kabaka Yekka, chama cha watetezi wa Kabaka wa Buganda. Sehemu ya maelewano hayo ilimfanya Kabaka Mutesa wa Pili kuwa Rais wa nchi nzima mwaka 1963, rais asiye na mamlaka ya utendaji. Mipaka yake ilikuwa myembamba kuliko ya Mwambutsa, lakini mwanzoni alilindwa na jambo moja: Obote aliwahitaji wabunge wa Kabaka Yekka ili aendelee kukaa.

Kisha wabunge wakaanza kuhama, mmoja mmoja, kutoka DP na kutoka Kabaka Yekka yenyewe, na karibu wote walielekea upande mmoja, UPC. Agosti 1964 Obote aliweza kuuvunja muungano bila kuanguka. Mwisho wa mwaka huo hata kiongozi wa upinzani, Basil Bataringaya, alihamia UPC pamoja na wenzake kadhaa. Huku nyuma, Novemba 1964, ilipigwa kura ya maoni katika kaunti za Buyaga na Bugangaizi, zilizokuwa zimechukuliwa kutoka Bunyoro na kutiwa Buganda, nao wakazi wakachagua kurudi Bunyoro. Mutesa akajikuta mahali pa ajabu: yeye kama Rais alipaswa kutia sahihi sheria inayomnyang'anya ardhi yeye kama Kabaka. Alikataa. Waziri mkuu akatia sahihi badala yake, kama Katiba ilivyoruhusu, na mambo yakaendelea.

Linganisha sahihi hizo mbili. Burundi, sahihi ya waziri haikuweza kumzuia Mwami kwa sababu waziri hakuwa na wabunge wa uhakika. Uganda, sahihi ya mfalme ilikosekana na hakuna kilichosimama, kwa sababu waziri mkuu alikuwa nao kupita mahitaji. Wabunge walihama katika nchi zote mbili. Kwetu walizunguka, wakamwacha Mwami katikati ya duara. Kwao walitiririka upande mmoja, wakamwacha Kabaka ukingoni.

Ningependa kusema kwamba njia ya Uganda ilikuwa bora, kwani walau hapo mfalme alifungwa na sheria. Siwezi. Waziri mkuu aliyekusanya wahamaji wote hakuwa na wa kumfunga yeye. Februari 1966 Obote aliwakamata mawaziri wake watano kikaoni, akaisimamisha Katiba, akajitwalia madaraka ya Rais. Aprili wabunge walipitisha katiba mpya ambayo walikuta nakala zake katika visanduku vyao vya barua, hata jina la utani ikapewa kwa ajili hiyo. Tarehe 24 Mei jeshi lilishambulia kasri la Mengo. Bunge lile lililojaa wahamaji halikuwa na mazoea ya kusema hapana, na sioni lingeyapata wapi, kwa kuwa wengi wao walifika pale kwa kusema ndiyo.

Zanzibar nitaigusa tu, kwa sababu watu wa Kigoma na Ujiji waliotuletea lugha hii hawatanisamehe nikiiruka. Uchaguzi wa Januari 1961 uliwapa ASP viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11. Hakuna aliyeachiwa achague mshindi ikulu. Walirudishwa wapiga kura mwezi Juni. Uchaguzi huo uliandamana na ghasia zilizoua watu 68, kwa hiyo sitaki kuufanya mfano wa kuigwa. Ninachotaka tuone ni kwamba mkwamo wa wabunge unaweza kupelekwa mahali pawili, kwa mfalme au kwa mpiga kura, na kwamba katiba nzuri huamua mapema ni wapi.

Katiba yetu iliruhusu pote pawili. Na Machi 1965 Mwami alifanya jambo ambalo, mimi binafsi, nalihesabu kuwa bora katika utawala wake wa baada ya uhuru: alilivunja Bunge, na nchi ikaitwa kupiga kura tarehe 10 Mei. Hiyo ndiyo kura ya pili ya babu. UPRONA ilipata viti 21 kati ya 33, Parti du Peuple 10, na wagombea binafsi 2. Lakini hesabu ya vyama haikuwa tena hesabu ya kweli. Wabunge 23 kati ya 33 walikuwa Wahutu, na wengi wa wale wa UPRONA walijiona karibu zaidi na wale wa Parti du Peuple kuliko na wenzao wa chama. Ni kuhama tena bila kubadili jina, ila safari hii kulikuwa na wingi unaohesabika. Kwa mara ya kwanza tangu Rwagasore palikuwa na kundi linaloweza kumwambia Mwami: huyu, hatutaki mwingine. Walimtaka Gervais Nyangoma.

Mwami akamteua Biha, Mganwa, mtu wake wa karibu wa miaka mingi.

Hapa wanaosema Katiba ilikanyagwa wanaweza kunyanyuka, na ninawapa nusu ya haki. Moyo wa Katiba ulikanyagwa. Maandishi yake, sivyo. Soma tena: Mwami huwateua mawaziri wake. Miaka mitatu ya waombaji ilikuwa imempa kimilikishi kile maana yake kamili, na wingi ulipofika ulikuta maana hiyo imeshazoeleka. Wale waliokuwa wakimwomba awaondolee wapinzani wao walikuwa wamemfundisha kwamba uteuzi ni hisani. Ni vigumu kurudi kwa mtu uliyemwomba jana ukamwambia leo ni haki yako.

Mwanzoni mwa Septemba hiyohiyo likatoka agizo la kupunguza tarafa za nchi kutoka 181 hadi 78, na wakuu wa tarafa waliochaguliwa na wananchi wakabadilishwa na watumishi wa kuteuliwa. Wabunge waliopinga walikuwa na hoja ya kisheria, lakini ufunguo wa pili haukuwa kwao.

Yaliyofuata nayapita haraka, si kwa kuwa ni madogo. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Oktoba 1965 baadhi ya maafisa walijaribu kuipindua serikali, na Biha akajeruhiwa vibaya. Muramvya familia za Kitutsi zilishambuliwa. Jeshi likalipiza kwa Wahutu, na viongozi wa Bunge na Seneti wakauawa, miongoni mwao Mirerekano na Bamina. Wale waliochaguliwa Mei hawakuumaliza mwaka. Mwambutsa alivuka kwenda Kongo kisha Ulaya, na hakurudi kutawala. Tarehe 8 Julai 1966 mwanawe Charles Ndizeye, kijana wa miaka 18, alitwaa madaraka na kuisimamisha Katiba. Septemba akatawazwa Ntare wa Tano. Novemba 28 waziri mkuu wake, Kapteni Michel Micombero, akamwondoa na kutangaza Jamhuri. Na tarehe 29 Aprili 1972, pale moto ulipowaka tena, uliwaka kwanza kwenye pwani yetu, Rumonge na Nyanza-Lac: waasi waliwaua Watutsi, kisha serikali ikawaua Wahutu kwa maelfu mengi nchi nzima. Babu alivuka kwenda Kigoma kwa mtumbwi wiki hizo. Haizungumzii safari hiyo na mimi sikumlazimisha. Sisemi kwamba kifungu kimoja cha Katiba kiliyaleta yote hayo. Nasema kwamba watu walikuwa wamewahi kuambiwa wapige kura, na hesabu ya kura yao ikawa haina mahali pa kukaa.

Swali ambalo wenzangu wa darasa huniuliza ni la leo: si ingetosha kuwakataza wabunge kuhama? Wengi wamejaribu. Kenya, mwaka uleule wa 1966, wabunge walipoanza kumfuata Oginga Odinga katika KPU, Bunge lilibadili Katiba mwezi Aprili ili anayehama chama arudi kwa wapiga kura wake, na Juni ukafanyika uchaguzi mdogo kwa ajili hiyo. Tanzania, mbunge anayekiacha chama chake hupoteza kiti. Na hapa kwetu, Juni 2008, Mahakama ya Katiba iliwaondoa bungeni wabunge 22 waliokuwa wametengana na CNDD-FDD.

Chukua sheria ya namna hiyo uipeleke mwaka 1963. Ingemshika nani? Hakuna hata mmoja aliyetoka UPRONA. Wote wangepita mlangoni wakiwa na kadi mkononi. Upeleke Uganda, nayo pengine ingemwacha Obote bila wingi na Mutesa na kaunti zake. Sina hakika hilo lingekuwa jema kwa watu wa Buyaga na Bugangaizi. Sheria ya kuwafunga wabunge kwa vyama hudhani tatizo ni mbunge kukosa uaminifu kwa chama. Katika Katiba ya 1962 tatizo lilikuwa kwamba hakuna kifungu kilichomlazimisha mtu yeyote, mbunge wala Mwami, kuonyesha hadharani nani anaaminiwa na wangapi. Kingeandikwa kifungu kimoja tu cha kusema kwamba waziri mkuu hashiki kazi mpaka Bunge limpigie kura waziwazi, na hatoki ila kwa kura kama hiyo, basi kambi zingelazimika kuhesabiana ndani ya ukumbi badala ya kupanga foleni ikulu. Labda kingevunjwa. Lakini kingekuwa na kitu cha kuvunjwa.

Kuna mkasa wa Juni 1966 ambao nimeusoma mara kadhaa, na kila mara husimama hapo. Mutesa alipotoroka Mengo alipita Kongo akafika Burundi, na kutoka Bujumbura akaruka kwenda Ulaya. Wakati huo Mwambutsa alikuwa tayari huko Ulaya, bado Mwami kwa jina, zikiwa zimebaki wiki chache kabla mwanawe hajamwondoa. Mmoja sahihi yake ilikuwa haihitajiki tena, mwingine sahihi zote mbili zilikuwa zake, na mwaka mmoja uliwatosha wote wawili.

Wakati wa likizo nilimsomea babu rasimu ya insha hii. Alivumilia hesabu za viti, akaniuliza maana ya "uyakinishi", akacheka. Nilipofika kwenye agizo la tarafa alinisimamisha. Alisema tangazo lile lilisomwa sokoni, na yeye alikuwapo. Nikamuuliza lilisomwa na jina la waziri gani. Alifikiri kwa muda, sindano ya nyavu ikiwa imesimama mkononi.

"Waziri? Tulisomewa jina la Mwami tu."